Shule Ikibadilishwa, Watoto Wabaki Wale Wale

Oktoba 2012, wazazi 53 wa mji wa Adelanto, jangwani kusini mwa California, walipiga kura kuamua nani apewe shule ya msingi ya Desert Trails. Shule hiyo ilikuwa na watoto zaidi ya 600. Kura 50 zilimwangukia mwombaji mmoja, na mwaka 2013 milango ikafunguliwa kwa jina jipya, bodi mpya na walimu ambao wengi wao hawakuwahi kufundisha pale. Madarasa yalikuwa yale yale na jua la jangwani lile lile. Kilichobadilika ni nani anayeajiri, nani anayepanga bajeti, na mzazi mwenye malalamiko ayapeleke kwa nani.

Hao 53 walipatikanaje? Sheria ya California ya mwaka 2010 iliwapa wazazi wa shule inayofanya vibaya uwezo wa kuilazimisha wilaya ya elimu iibadilishe, mradi nusu yao watie saini. Pale Desert Trails yalizungushwa maombi mawili kwa wakati mmoja: moja la kutaka mageuzi ndani ya shule ile ile, jingine la kuikabidhi kwa mwendeshaji wa nje. Lililowasilishwa ni hilo la pili. Wazazi karibu mia wakataka kuondoa saini zao, mahakama ikasema saini ikishawekwa haiondolewi. Ilipofika siku ya kumchagua mwendeshaji, walioruhusiwa kupiga kura ni waliotia saini peke yao, na hata kati ya hao wengi hawakutokea. Hatima ya shule ya umma ikaamuliwa na watu wasiojaza basi moja.

Kwa asiyezijua shule hizi, maelezo mafupi. Charter school ya Marekani, ambayo hapa nitaiita shule ya mkataba, ni shule ya umma. Haitozi ada, inaendeshwa kwa kodi, na watoto wake hufanya mitihani ile ile ya jimbo. Ila haiko chini ya amri za kila siku za bodi ya elimu ya wilaya. Ina bodi yake, mara nyingi ya shirika lisilo la faida, ambayo imetia saini mkataba wa miaka kadhaa ikiahidi matokeo, na matokeo yasipopatikana mkataba unaweza kufutwa. Mkenya asiichanganye na shule yenye kanisa kama mdhamini: mdhamini ana sauti, lakini mwalimu ni wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Katika shule ya mkataba bodi ndiyo inayoajiri, na ndiyo inayofukuza.

Wazo hili halikutoka kwa matajiri wala kwa maadui wa vyama vya walimu, ingawa leo ndivyo linavyosimuliwa. Mwaka 1988 Albert Shanker, rais wa American Federation of Teachers, moja ya vyama viwili vikubwa vya walimu nchini humo, alipendekeza walimu waruhusiwe kuanzisha shule ndogo ndani ya shule zilizopo na kujaribu njia mpya za kufundisha, kwa kibali cha chama na cha wilaya. Jina alilipata kwa Ray Budde, profesa wa Massachusetts. Jimbo la Minnesota likatunga sheria ya kwanza mwaka 1991, California ikafuata mwaka 1992. Haukupita muda Shanker mwenyewe akaligeuka wazo lake, kwa sababu aliona limetekwa na watu waliotaka kukiruka chama chake na kuitia biashara mlangoni.

Tangu hapo shule ya mkataba imekuwa ikizaliwa kwa njia mbili. Moja ni kuanzisha shule mpya kabisa. Nyingine ni kuichukua shule ya serikali iliyopo, yenye watoto, walimu, deni la umeme na timu ya mpira, na kuikabidhi kwa mwendeshaji mwingine. Wanasiasa huzizungumzia njia hizi mbili kana kwamba ni jambo moja, na takwimu za moja hutumika kuiuza nyingine. Hapo ndipo napotofautiana nao. Anayeanzisha shule mpya huanza na madawati matupu. Kila mzazi anayefika mlangoni kajaza fomu, kasubiri bahati nasibu ya nafasi, na kaamua. Anayekabidhiwa shule iliyopo anakabidhiwa watoto ambao hawakumchagua, pamoja na yule anayehama nyumba mara tatu kwa mwaka na yule ambaye babake hajawahi kuitikia wito wa mwalimu. Ubadilishaji wa shule naweza kuuunga mkono, lakini kwa sharti moja ambalo halina mjadala kwangu: mwendeshaji mpya afungwe kuwahudumia watoto wale wale. Bila sharti hilo, kinachobadilishwa ni orodha ya wanafunzi.

California, pamoja na kituko cha Adelanto, iliwahi kuliona hili mapema. Sheria yake ya shule za mkataba inasema shule ya serikali inaweza kugeuzwa ya mkataba ikiwa nusu ya walimu wake wa kudumu watatia saini ombi, na ikishageuzwa lazima iwape kipaumbele watoto wanaoishi katika eneo lililokuwa lake. Ni masharti mawili mafupi, ila yana uzito: la kwanza linampa mwalimu neno, la pili linamlinda mtoto wa jirani.

Chini ya masharti hayo kulitokea mambo mazuri. Vaughn, shule ya msingi ya Pacoima, kwenye eneo la watu wa kipato cha chini kaskazini mwa Los Angeles, iligeuzwa mwaka 1993 chini ya mwalimu mkuu Yvonne Chan. Bajeti ambayo awali iligawanywa na makao makuu ya wilaya sasa ilikuwa mezani pake. Akaipitia mikataba ya huduma mmoja mmoja, na mwaka wa kwanza ulipoisha shule ilikuwa imebakiwa na zaidi ya dola milioni moja. Watoto walikuwa wale wale na mtaa ule ule, lakini fedha zilikuwa zikivuja mahali ambapo mwalimu mkuu wa kawaida haruhusiwi kuangalia. Kwa kweli hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote za kubadili shule, nzuri kuliko hotuba zote kuhusu ushindani na soko huria.

Lakini zitazame pia shule nyingine za Los Angeles zilizotumia mlango huo huo. Granada Hills, sekondari kubwa iliyogeuzwa mwaka 2003, na El Camino Real, iliyofuata mwaka 2011, hazikuwa zimeanguka. Zilikuwa sekondari zenye sifa, na El Camino Real ilijulikana nchi nzima kwa kutwaa mashindano ya kitaaluma. Walimu na wazazi wake walitaka kujitawala, basi. Siwalaumu. Tukubaliane tu kwamba sheria iliyouzwa kama dawa ya shule dhaifu iligeuka kuwa njia ya shule imara kujitenga na wilaya, na wilaya ikabaki na madeni ya pensheni na watoto wagumu.

Kisa cha Locke ni tofauti. Sekondari hii ya Watts, mtaa wa Los Angeles, ilikuwa na sifa mbaya kiasi kwamba mwaka 2007 walimu wengi wa kudumu walitia saini wenyewe ombi la kuikabidhi kwa Green Dot, shirika linaloendesha shule za mkataba. Green Dot wakaingia mwaka 2008, wakaigawa shule katika shule ndogo ndogo, wakamtaka kila mwalimu aombe kazi upya, na wengi hawakurudi. Watoto wa eneo hilo waliendelea kupokelewa, jambo ambalo Green Dot hawakuwa wamezoea katika shule walizozianzisha wenyewe. Watafiti wa chuo kikuu cha UCLA walikuta wanafunzi wa Locke mpya wanabaki shuleni na kuhitimu kuliko wenzao wa shule zinazofanana nayo. Ni mafanikio. Bei yake nayo iliwekwa wazi mwaka 2010: takriban dola milioni 15 katika miaka minne, sehemu kubwa ikiwa misaada ya wafadhili, juu ya fedha za kawaida za serikali. Ukisikia mtu anasema shule ilinyooka kwa kubadili uongozi tu, muulize na hesabu ya fedha.

Sasa twende New Orleans, maana huko hakukubadilishwa shule moja. Ulibadilishwa mji.

Kabla ya kimbunga Katrina, wilaya ya elimu ya New Orleans ilikuwa imeoza, na anayewatetea walimu wa mji huo hana sababu ya kulificha hilo. Wapelelezi wa FBI walikuwa wamepewa ofisi ndani ya jengo la makao makuu ya wilaya kuchunguza ufisadi. Mwaka 2003 mwanafunzi aliyeongoza darasa lake katika sekondari moja alishindwa kupata cheti kwa sababu hakufaulu mtihani wa jimbo wa hesabu. Mwaka huo huo jimbo la Louisiana likaunda chombo cha kuchukua shule zilizofeli, Recovery School District, na kikaanza taratibu.

Agosti 29, 2005 kimbunga kikapiga, kingo za mifereji zikapasuka, mji ukajaa maji. Novemba, wakati wakazi wengi bado wako Houston, Atlanta na Baton Rouge wakilala kwa ndugu au hotelini, Bunge la jimbo likapitisha sheria iliyopandisha kiwango cha shule kuhesabiwa kuwa imefeli hadi kufikia wastani wa jimbo, kwa namna ambayo kivitendo iliihusu New Orleans peke yake. Kwa kalamu hiyo shule zaidi ya 100 zikahama kutoka bodi iliyochaguliwa na wananchi kwenda mikononi mwa jimbo, na jimbo likaanza kuzigawa kwa waendeshaji. Hakuna mzazi aliyetia saini, wala mwalimu aliyeulizwa. Ukilinganisha na hapa, wale 53 wa Adelanto walikuwa bunge zima.

Walimu na wafanyakazi wengine zaidi ya 7,000 wakaachishwa kazi. Barua za kuwaachisha zilitumwa kwa posta kwenye anwani walizoandikisha kazini, na nyingi ya nyumba hizo zilikuwa zimeharibiwa na maji, wenyewe hawapo. Hebu mfikirie mwalimu wa miaka 20 kazini, yuko mji wa ugenini, anapata habari kwa mwenzake kwamba hana kazi, na barua yenyewe iko kwenye kisanduku cha posta chenye tope. Walifungua kesi, wakashinda mwaka 2012 mahakama ya chini, kisha mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Louisiana ikaufuta ushindi huo. Kabla ya kimbunga asilimia 71 ya walimu wa mji walikuwa Waafrika-Wamarekani. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 49. Katika mji ule ualimu ulikuwa mgongo wa tabaka la kati la watu weusi, watu wenye nyumba zao, waliosomesha watoto wao kwa mshahara huo. Ulivunjwa kwa uamuzi wa kiutawala, na waliokuja kujaza nafasi wengi walikuwa vijana waliotoka tu vyuoni, kutoka majimbo mengine.

Je, watoto walijifunza zaidi? Ndiyo. Hapa wapinzani wa shule za mkataba hupenda kuangalia pembeni. Douglas Harris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tulane wamefuatilia mageuzi haya kwa miaka mingi, na hawakuwa wapiga debe wa mtu. Walikuta mwanafunzi wa kawaida amepanda nafasi 11 hadi 16 katika kila 100 kwa alama za mitihani. Kiwango cha kuhitimu sekondari kilipanda kwa pointi 3 hadi 9, na cha kuingia vyuoni kwa pointi 8 hadi 15. Katika sera za elimu ni nadra kuona namba za ukubwa huo.

Kuna ushahidi mwingine unaogusa moja kwa moja suala la kubadili shule zilizopo. Joshua Angrist, ambaye baadaye alipata Nobel ya uchumi, na wenzake watatu walijiuliza: vipi tukiwaangalia watoto waliokuwa tayari wamekaa darasani shule ilipochukuliwa? Hao hawakuomba nafasi wala kushinda bahati nasibu. Mwendeshaji mpya aliwakuta. Wakawafuatilia katika shule zilizochukuliwa New Orleans, na pia Boston, ambako shule ya kati ya Gavin iligeuzwa kuwa UP Academy mwaka 2011. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba watoto hao waliokutwa walipata faida kubwa. Hoja kwamba shule za mkataba hufaulu kwa kuchagua wanafunzi, basi, haiwezi kuwa maelezo yote. Inabidi tuikubali hiyo, tuendelee.

Tunaendelea kwa kuuliza faida ilitoka wapi. Harris na wenzake wanajibu bila kupepesa: sehemu kubwa ilitokana na kuzifunga au kuzichukua shule zilizokuwa zinafanya vibaya na kuwapa waendeshaji wengine. Yaani aliyefanya kazi ni serikali yenye makali, iliyofuta mikataba ya walioshindwa. Soko la wazazi wanaochagua lilichangia kidogo kuliko lilivyosifiwa. Fedha nazo ziliongezeka. Matumizi kwa kila mtoto yalipanda asilimia 13 ukilinganisha na wilaya zinazofanana, huku matumizi ya utawala yakipanda asilimia 66 na ya ufundishaji yakishuka asilimia 10. Kila mwendeshaji ana mkurugenzi wake, mhasibu wake, mtu wake wa mabasi. Wale waliolaani urasimu wa makao makuu waliishia kuzalisha makao makuu madogo kadhaa.

Halafu kuna wale ambao hawaonekani kwenye wastani. Mtafiti Huriya Jabbar alizungumza na wakuu wa shule 30 za mji huo, na theluthi moja wakakiri kwamba walikuwa na njia za kuwachuja wanafunzi: kutotangaza nafasi zilizo wazi, kualika watu fulani tu siku ya kutembelea shule, kumshauri mzazi kwa upole kwamba mtoto wake angefaa zaidi kwingine. Hilo la mwisho kila mzazi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu analijua, New Orleans na kwingineko. Halina kumbukumbu ya maandishi. Ni mazungumzo ya dakika kumi ofisini, na mama anatoka akiwa amekubali mwenyewe kumhamisha mwanawe. Mwaka 2010 ilifunguliwa kesi kwa niaba ya watoto wenye ulemavu waliokosa huduma au kukataliwa, na ilichukua miaka kadhaa kufikia suluhu. Jimbo likalazimika, kuanzia 2012, kuunda fomu moja ya kuomba nafasi katika shule nyingi, na kisha utaratibu mmoja wa kufukuza wanafunzi, kwa sababu kila shule ilikuwa ikifukuza kwa kanuni zake.

Kazi hizo za fomu moja na kanuni moja ya nidhamu ni kazi za wilaya. Mji uliozibomoa ukajikuta unazijenga upya, kipande kwa kipande, kila kimoja baada ya malalamiko.

Tennessee walitaka kuiga. Mwaka 2010, wakiwinda fedha za serikali kuu ya Rais Obama, waliunda Achievement School District, ikachukua shule kutoka asilimia tano ya chini kabisa jimboni, nyingi zikiwa Memphis, na kuanza kuzigawa mwaka 2012. Ahadi ilikuwa kuzipandisha hadi robo ya juu ya jimbo katika miaka mitano. Msimamizi wake, Chris Barbic, hakuwa mgeni: ndiye aliyeanzisha mtandao wa shule za mkataba wa YES Prep huko Houston, unaosifiwa hadi leo. Miaka mitano ikapita, robo ya juu haikuonekana hata kwa mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt hawakukuta tofauti ya maana kati ya shule hizo na nyingine dhaifu zilizoachwa kama zilivyokuwa. Kilichouma zaidi ni kwamba wilaya ya pale pale Memphis ilichukua shule dhaifu nyingine, ikazibakiza mikononi mwake, ikabadilisha wakuu wa shule, ikaongeza malipo kwa walimu waliokubali kwenda na kurefusha siku ya masomo, na katika miaka ya mwanzo hizo ndizo zilizopanda.

Barbic alitangaza kuondoka mwaka 2015, na katika barua yake ya kuaga aliandika jambo ambalo wenzake wengi hawalisemi hadharani. Alikiri kwamba akiwa mwanzilishi wa shule za mkataba alijigamba sana kwa matokeo mazuri, lakini Memphis imemfundisha kwamba kuyapata matokeo hayo hayo katika shule ya mtaa, inayompokea kila mtoto wa eneo lake, ni kazi ngumu zaidi kwa mbali. Namheshimu kwa hilo. Ni ushahidi wa mtu aliyeendesha shule za aina zote mbili, na ushahidi huo unapaswa kuwekwa mezani kila mara mtu anapoleta picha za shule mpya inayong'aa kutetea kukabidhi shule kongwe ya mtaa.

Msomaji wa Afrika Mashariki akisema haya ni ya Wamarekani, nitampeleka Liberia, kwa sababu huko jina moja atalitambua. Januari 2016 waziri wa elimu wa Liberia, George Werner, alitangaza mpango wa kukabidhi shule za msingi za serikali kwa kampuni ya Bridge International Academies, kampuni ile ile iliyofungua shule yake ya kwanza Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mwaka 2009, na ambayo mwishoni mwa 2016 Mahakama Kuu ya Uganda iliunga mkono uamuzi wa kuzifunga shule zake. Kelele zilipozidi, mpango ukapunguzwa: shule 93, waendeshaji wanane, mwalimu analipwa na serikali, mzazi halipi kitu, na waendeshaji wengi wanaongezewa dola 50 kwa kila mtoto.

Watafiti Romero, Sandefur na Sandholtz waliupima kwa kupiga kura ya bahati kuamua shule zipi ziingie na zipi zisubiri, njia bora kuliko zote za kupima jambo kama hili. Baada ya mwaka mmoja watoto wa shule zilizokabidhiwa walikuwa mbele kwa kiasi kinachoonekana. Walimu walifika kazini zaidi na walifundisha zaidi. Ila Bridge waliwaondoa asilimia 74 ya walimu waliowakuta, na pale madarasa yalipojaa waliweka ukomo wa idadi, watoto waliozidi wakaambiwa watafute kwingine. Walimu hao, ambao bado walikuwa watumishi wa serikali, hawakuyeyuka. Walipelekwa shule nyingine za serikali, wakafundishe watoto wa watu wengine. Ukitazama shule iliyokabidhiwa peke yake unaona muujiza. Ukitazama na shule ya kijiji cha pili ilikopelekwa walimu na watoto waliokataliwa, muujiza unapungua uzito. Mkataba haukuwakataza kufanya hivyo, na Liberia ilikuwa na fursa ya kuwakataza.

Hapo kwenye mkataba ndipo ninapotaka mjadala ukae, kuliko kwenye swali la nani anazipenda shule za mkataba na nani anazichukia. Shule iliyopo ikigeuzwa, eneo lake la kupokea watoto libaki lile lile na idadi ya nafasi isipungue hata moja kwa miaka yote ya mkataba. Kila mtoto anayehama katikati ya mwaka ahesabiwe, aulizwe kaenda wapi, na matokeo yake ya mtihani yabaki kwenye rekodi ya shule aliyoondoka. Ukifanya hivyo, yale mazungumzo ya dakika kumi ofisini yatapungua yenyewe. Wazazi wote wa shule wapige kura, si waliotia saini peke yao, na kura isiyofikia nusu ya wazazi ihesabiwe batili. Mwalimu akiondolewa, kuwe na sababu iliyoandikwa na mahali pa kukata rufaa palipo na mlango. Kuhusu fedha sina la kurefusha: hesabu itolewe hadharani kila mwaka, na ya wafadhili ndani yake, ili tulinganishe shule na shule.

Mwendeshaji mzuri hataogopa masharti haya. Green Dot waliyakubali ya namna hii Watts na hawakufa. Atakayesema hawezi kufanya kazi bila uhuru wa kuchagua watoto, basi na aanzishe shule yake mpya, ruhusa ipo.

Lipo jambo jingine ambalo New Orleans wanalijua sasa kuliko mtu yeyote. Mwaka 2018 shule zote zilizochukuliwa zilirudishwa chini ya bodi ya mji, lakini kwa sheria ya 2016 iliyoizuia bodi hiyo kuingilia ajira, mitaala na bajeti ya shule za mkataba. Mwaka uliofuata shule ya mwisho iliyokuwa ikiendeshwa na bodi moja kwa moja ikakabidhiwa pia. Bodi ikabaki mtoaji na mfutaji wa mikataba. Kisha bodi ikaamua kumnyang'anya mwendeshaji wa Lafayette Academy shule hiyo kwa matokeo mabaya, na watoto mia kadhaa walihitaji pa kwenda. Ikaamua kuendesha shule yenyewe. Agosti 2024 ikafungua Leah Chase School, ya kwanza kuendeshwa na wilaya tangu mji uwe wa shule za mkataba tupu. Kwa hiyo ofisi ambayo kwa miaka mitano haikuwa na shule yake hata moja ililazimika, katika miezi michache, kutafuta mwalimu mkuu, kuajiri walimu, kupanga mabasi na chakula, na kuandika mtaala. Wapo wajumbe wa bodi waliohofu gharama, na hofu yao ilikuwa na msingi: kazi hizo zilishasahaulika pale ofisini, na shule moja pekee haina wa kugawana nayo bei ya kujifunza upya.

Wilaya yoyote inayofikiria kukabidhi shule zake zote inafaa ipeleke mtu New Orleans, na asiishie kwenye grafu za mitihani. Akae wiki moja na watumishi wa ofisi ile, awaulize ilikuwaje kuanza tena kutoka shule sifuri hadi moja.